Kutii Hadi Upuuzi: Uchezeaji wa Kanuni katika Programu za Kompyuta na katika Lugha ya Nairobi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una mazoea ya kuwagawa watungaji katika makundi mawili kila suala la kanuni linapozuka. Upande mmoja huwekwa wanaozitii kanuni. Upande wa pili huwekwa wanaozivunja. Mgawanyo huu uliimarika katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, na ungali unajitokeza katika tasnifu za uzamili, hata zile zisizohusu ushairi. Makala haya yanadai kwamba kuna kundi la tatu ambalo mgawanyo huo hauna jina la kuliitia. Hilo ni kundi la watungaji wanaoitii kanuni kwa ukamilifu uliopita kiasi alichokitazamia mwenye kuitunga, hadi utiifu wenyewe unageuka kichekesho, na kichekesho kinageuka hoja dhidi ya kanuni. Mfano ulio wazi kabisa wa kundi hili haumo katika vitabu vya fasihi. Umo katika programu za kompyuta, hususan zile zinazotungwa kwa makusudi ya kuzichezea lugha za programu na kuzilazimisha zitende mambo ya kipuuzi. Mfano wa pili uko karibu zaidi na msomaji: husikika kila siku katikati ya jiji la Nairobi na katika vitongoji vyake vya magharibi.

Kuzileta programu mbele ya mhakiki wa fasihi huenda kukaonekana kama kuhama taaluma. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi lugha na fasihi zimefundishwa katika Bewa Kuu, ukingoni mwa katikati ya jiji, ilhali taaluma ya kompyuta imekuwa na makao yake Chiromo, mwendo wa miguu usiofika nusu saa kuelekea Westlands. Nusu saa hiyo imewatenga watu wanaoshughulika na jambo moja. Programu ni maandishi: ina msamiati, ina sarufi, ina mtungaji, na wasomaji wake huweza kusema kuwa hii imetungwa kwa ufundi na ile imeparazwa tu. Michael Mateas na Nick Montfort, katika makala yao ya mwaka 2005 kuhusu programu zilizofichwa maana na lugha za ajabu, walikwisha kuonyesha kwamba maandishi hayo yanastahiki uhakiki wa ujumi. Walilolifanya kwa mifano ya Marekani na Ulaya linahitaji kufanywa upya kwa sikio la Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kina mapokeo yake marefu ya kuchezea kanuni, na mapokeo hayo yanalibadilisha swali.

Hakimu asiyecheka

Lugha ya programu hutofautiana na lugha ya watu katika jambo moja kuu. Kati ya mtungaji na utekelezaji wa maneno yake husimama kompaila, yaani programu inayoyafasiri maandishi kuwa amri za mashine. Kompaila haina huruma wala hasira. Ikikuta nukta imekosekana pale sarufi inapoidai, huikataa kazi nzima. Ikikuta upuuzi mtupu ulioandikwa kwa sarufi sahihi, huupokea na kuutekeleza. Huko ndiko mchezo unakoanzia. Anayetaka kuivunja sheria ya kompaila hafiki popote, kwa kuwa kazi yake haitatekelezwa. Njia pekee ya kuasi iliyobaki ni kutii.

Mwaka 1984 Landon Curt Noll na Larry Bassel walianzisha mashindano ya kimataifa ya kutunga programu zisizosomeka katika lugha ya C. Mshiriki alitakiwa kuandika programu sahihi, inayotenda kazi, ambayo hata mjuzi hawezi kuielewa kwa kuitazama. Miongoni mwa kazi zilizoshinda mwaka huo ilikuwa ya Sjoerd Mullender na Robbert van Renesse. Kila programu ya C sharti iwe na kitu kiitwacho main, ambapo utekelezaji huanzia. Kila mwalimu alifundisha, na kila mwanafunzi aliamini, kwamba kitu hicho ni fungu la maagizo yanayosomeka. Wawili hao walitangaza main kuwa safu ya namba. Namba hizo zilitokea kuwa, zikisomwa na mashine za aina mbili za wakati huo, PDP-11 na VAX, amri halali kabisa. Jina lilikuwepo pale lilipotakiwa, na hakuna kilicholizuia lisiwe jina la orodha ya tarakimu. Walichokivunja ni desturi, ambayo watu wote walikuwa wakiidhania kuwa sheria.

Kazi ya Brian Westley ya mwaka 1988 itamvutia zaidi mhakiki wa ushairi. Ni programu iliyopangwa kwa vistari ukurasani katika umbo la duara, nayo hukokotoa thamani ya pai kutokana na eneo la duara hilo hilo. Anayetaka jibu lenye usahihi zaidi hana budi kuandika duara kubwa zaidi. Hapa inafaa kumkumbuka Kithaka wa Mberia, mshairi na mwalimu wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye katika diwani kama Mchezo wa Karata (1997) hupanga maneno ukurasani kwa namna inayoliruhusu umbo nalo kusema. Tofauti yao ni ya kufunza. Katika shairi, umbo huiunga mkono maana. Shairi likipangwa upya kwa mistari iliyonyooka, litapoteza nguvu lakini litasomeka. Katika programu ya Westley umbo ndilo hesabu. Ukilipunguza duara kidogo upande mmoja, jibu hubadilika. Nadharia ya kwamba fani na maudhui havitenganiki, ambayo wahakiki wameirudia kwa miongo kadhaa pengine bila kuisadiki sana, hapa ni kweli kwa kiwango cha hisabati.

Lakini kazi inayobeba hoja ya makala haya ni ya mwaka 1994. Kuna zoezi la zamani miongoni mwa watunzi wa programu: kuandika programu ambayo, ikitekelezwa, huchapisha maandishi yake yenyewe, herufi kwa herufi, bila kuyasoma kutoka mahali pengine. Ni zoezi gumu, na ushindani wake huwa ni nani ataiandika iliyo fupi zaidi. Szymon Rusinkiewicz alileta faili tupu. Halikuwa na herufi hata moja. Likifasiriwa na kutekelezwa, halikuchapisha chochote, na kwa hiyo lilichapisha maandishi yake yote kikamilifu. Waamuzi walilipa tuzo ya matumizi mabaya kabisa ya kanuni, kisha kanuni za mashindano zikarekebishwa: tangu hapo programu sharti iwe na walau baiti moja.

Urekebishaji huo una uzito kuliko tuzo. Kanuni ilitiiwa hadi ikaonekana upungufu wake, na mwenye kanuni akakiri kwa kuiandika upya. Mvunjaji wa kanuni huadhibiwa na kanuni ikabaki ilivyo. Anayeitii hadi upuuzi haadhibiki, na kanuni ndiyo inayofikishwa mbele ya hakimu. Kwa lugha ya mahakama, kazi ya Rusinkiewicz ilikuwa rufaa iliyoandikwa kwa karatasi tupu, na ikashinda.

Ndizi na kisama

Lugha ya JavaScript, ambayo Brendan Eich aliunda toleo lake la kwanza kwa siku 10 mnamo Mei 1995, imekuwa uwanja mpana wa michezo hii kwa sababu ya ukarimu wake. Lugha nyingine zikipewa vitu visivyolingana hukataa. JavaScript hujaribu kuvilinganisha. Alama ya kujumlisha hujumlisha namba mbili, na pia huunga herufi na herufi. Ikiwekwa peke yake mbele ya herufi, huitaka herufi hiyo igeuke namba. Sasa mtunzi huandika "b" + "a" + +"a" + "a". Herufi ya tatu imeamriwa iwe namba, haiwezi, lugha hutoa thamani maalumu iitwayo NaN, ambayo maana yake ni "si namba". Thamani hiyo huungwa na herufi nyingine, nayo hugeuzwa herufi tena. Jibu ni baNaNa, yaani ndizi kwa Kiingereza. Tena, ukiiuliza lugha hii "si namba" ni kitu cha aina gani, hujibu kwamba ni namba.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kutoshangaa sana. Lugha yake imejaa maneno yenye umbo la aina moja na upatanisho wa aina nyingine. Kipofu na kiongozi yamevaa vazi la ngeli ya ki-vi, lakini hakuna asemaye "kiongozi kimefika" ila kwa kejeli. Kejeli hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa. Msemaji anayemwita mtu mzima kijitu, kisha akampa upatanisho kamili wa ki- katika sentensi nzima, havunji sarufi. Anaipeleka pale inaporuhusu kufika: kinasema, kinadai, kimekuja na vijizawadi vyake. Kila kiambishi ni sahihi, na mtu amekwisha kuvuliwa utu kwa sarufi safi. Wanaojua kutusi kwa Kiswahili wanajua kuwa tusi lenye upatanisho mbovu halichomi.

Mapokeo ya pwani yalikwisha kuufanya mchezo huu kuwa lugha ya pembeni. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, aliweka kielelezo cha kinyume, usemi wa mafumbo ambao silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzoni. Kwa kanuni hiyo kitabu huwa bukita, na nyumba huwa mbanyu. Kanuni ni moja, nyepesi, isiyo na ubaguzi. Matokeo yake yanafanana na ile ndizi. Chukua neno samaki. Likigeuzwa huwa kisama. Papo hapo sikio linapata kitu ambacho mgeuzaji hakukikusudia, kwa kuwa kisama lina sura ya nomino halali ya ki-vi. Wingi wake ni visama? Ni kisama hiki, au kisama huyu, maadamu samaki ni kiumbe hai? Kanuni ya kinyume, ikitekelezwa bila kufikiri kama mashine, imezalisha neno ambalo kanuni nyingine ya lugha ile ile inalikimbilia na kulidai kuwa lake. Wahakiki wa Urusi wa miaka ya 1910 na 1920, Viktor Shklovsky akiwa mmojawapo, waliihesabu kazi ya sanaa kuwa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni. Kinyume kinakwenda hatua ya mbele: ugeni wenyewe unavaa sura ya wenyeji.

Hata hivyo si kila uchezaji una thamani sawa, na mhakiki hana ruhusa ya kusifu tu. Kuna mtindo wa kuandika JavaScript kwa alama sita pekee, yaani mabano ya mraba, mabano ya duara, alama ya mshangao na ya kujumlisha. Kila herufi hupatikana kwa mzunguko: ![] ni si-kweli; (![]+[]) ni neno false, (![]+[])[+[]] ni herufi yake ya kwanza, f. Kwa njia hii programu yoyote inaweza kuandikwa, na itakuwa na maelfu ya mabano. Anayeiona mara ya kwanza hushtuka kwa furaha. Mara ya pili hakuna kipya cha kuona, kwa sababu kanuni ya kugeuza ni ile ile na mashine ndiyo inayoandika. Ni ustadi usio na ubeti wa pili. Ndizi ya herufi nne ni bora, kwa kuwa ndani yake lugha hujikwaa kwa sauti yake yenyewe.

Adabu kwa kipimo

Don Woods na James Lyon, walipokuwa wanafunzi wa Princeton mwaka 1972, waliunda lugha ya INTERCAL kwa kuazimia isifanane na lugha nyingine yoyote. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba mtunzi aseme tafadhali: baadhi ya amri zitanguliwe na neno PLEASE. Zikiwa chache mno, kompaila huikataa programu kwa ukosefu wa adabu. Zikizidi mno, huikataa kwa kujipendekeza. Katika toleo lililotolewa mwaka 1990 kipimo ni takriban kati ya sehemu moja kwa tano na sehemu moja kwa tatu ya amri zote. Mahali penye shikamoo na marahaba, ambapo kutosalimia ni kosa na kusalimia kupita kiasi ni dalili ya mtu mwenye shida ya fedha, mzaha huu hauhitaji kufafanuliwa. Kinachohitaji kutajwa ni kwamba mwongozo wa kwanza wa lugha hiyo haukuitaja kanuni hii. Mtunzi aliijua kwa kukataliwa, kama mgeni anavyozijua adabu za nyumba asiyoizoea.

Lugha iitwayo Shakespeare, iliyoundwa mwaka 2001 na wanafunzi wawili wa Sweden, Karl Hasselström na Jon Åslund, inawapendeza wahakiki kuliko inavyostahili. Programu zake huandikwa kama tamthilia. Nomino nzuri ina thamani ya moja, mbaya ina hasi moja, na kila kivumishi huzidisha thamani mara mbili, hata wahusika wakawa wanahesabu kwa kusifiana na kutukanana. Mzaha ni mzuri, lakini umetungwa tangu mwanzo uwe mzaha. Hakuna kanuni ya mtu mwingine inayosumbuliwa. Mashairi ya Larry Wall na ya Sharon Hopkins katika lugha ya Perl yana hatari zaidi. Wall aliiunda Perl mwaka 1987, na shairi la Black Perl la mwaka 1990 lilisomeka kama shairi na pia likakubaliwa na sarufi ya Perl ya wakati huo. Lugha ilipokua, shairi lilikoma kukubalika. (Wall alikuwa amesomea isimu, naye na mkewe waliwahi kukusudia kwenda kuishughulikia lugha isiyo na maandishi, pengine Afrika, kabla ya afya kuwazuia. Kati yake na Steere njia si ndefu kama inavyodhaniwa.)

Mathree

Mji wa Nairobi hauna mashindano wala tuzo za namna hii, lakini una watungaji. M. H. Abdulaziz na Ken Osinde, katika uchunguzi wao wa mwaka 1997, walieleza misimbo miwili ya vijana wa jiji: Sheng, yenye asili katika mitaa ya mashariki na kiunzi cha sarufi ya Kiswahili, na Engsh, ya vitongoji vya magharibi vya wenye nafasi, yenye kiunzi cha Kiingereza. Ramani hiyo ilikuwa na kingo zisizotulia. Kangemi imepakana na Westlands, na Kawangware imepakana na Lavington. Ukuta mmoja tu, na pengine lango moja la watumishi, hutenganisha msimbo na msimbo. Watoto wa pande zote mbili walikutana tao, katikati ya jiji, ndani ya magari ya abiria.

Jina la magari hayo ndilo kazi bora ya watungaji hao. Nauli ya mwanzoni ilikuwa senti 30, yaani mapeni matatu. Kiambishi ma- kilikuwepo kwa sababu halali: upatanisho wa wingi wa peni. Nomino ilipotoweka, kivumishi kilichobaki kikawa nomino, na matatu likawa gari moja. Hatua hiyo ya kwanza ni ya kawaida katika lugha zote. Hatua ya pili ndiyo ya kichezaji. Kijana wa Sheng alilichambua upya neno ambalo kila mtu alikwisha kusahau kuwa linachambulika, akaona ma- na tatu, akaiacha ma- mahali pake na kuitafsiri tatu kwa Kiingereza. Likapatikana mathree. Neno hili haliwezi kutungwa na mtu asiyejua mofolojia ya Kiswahili, wala na mtu asiyejua Kiingereza; na haliwezi kumchekesha mtu asiyejua yote mawili. Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta na katika magazeti ya Kiingereza ya jiji, wingi wa magari hayo ni matatus, neno lenye wingi mbele na wingi nyuma, ambalo hakuna mhariri anayelishuku.

Mwaka 2002 wanamuziki Gidi Gidi Maji Maji walitoa wimbo uitwao Unbwogable, uliochukuliwa na upinzani katika uchaguzi ulioiondoa KANU madarakani. Mzizi ni wa Kijaluo, bwogo, wenye maana ya kutisha. Viambishi ni vya Kiingereza, na vimewekwa kwa utiifu usio na dosari: kikanushi mbele, kiambishi cha uwezekano nyuma. Sarufi ya Kiingereza haina kifungu kinachokataza mzizi wa Kijaluo. Ilidai umbo, ikapewa umbo, kama C ilivyopewa main. Na kwa kuwa wenye Kiingereza ndio walioandika sheria za jiji hilo tangu mwanzo, neno hilo lilikuwa na ladha ambayo tafsiri ya Kiswahili sanifu, "asiyetishika", haikuweza kuwa nayo.

Lawama dhidi ya Sheng inajulikana: inaharibu lugha, inashusha matokeo ya mitihani, ni uvivu. Alamin Mazrui, katika makala yake ya mwaka 1995, aliichukulia kwa uzito wa kiisimu, na tangu hapo watetezi wengi wamejibu lawama kwa kudai kwamba Sheng ni uhuru. Pande zote mbili zinakubaliana bila kujua, kwa kuwa zote zinaamini kwamba Sheng ni uvunjaji. Zinatofautiana tu kama uvunjaji ni kosa au ni sifa. Mathree na Unbwogable zinaonyesha kuwa swali limekosewa. Aidha, si kila neno la Sheng linafikia kiwango hicho. Tao ni mkopo mtupu. Thao, kwa maana ya shilingi 1,000, ni mkopo uliokatwa. Risto, kutokana na stori, ni kinyume cha pwani kilichopanda gari-moshi hadi Nairobi, na kina heshima ya ukoo. Mhakiki anayeyapokea yote kwa shangwe moja hatofautiani sana na yule anayeyatupa yote.

Sheria za kutunga

Inafaa sasa kuurudia ule mgogoro. Kaluta Amri Abedi aliita kitabu chake cha mwaka 1954 Sheria za Kutunga Mashairi. Neno sheria lilichaguliwa, na lilifanya kazi yake: miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974), aliyeacha vina na mizani alionekana kama mhalifu au kama mkombozi. Kilichosahauliwa katika joto la mabishano ni kwamba mapokeo yenyewe yalikuwa na wachezaji wake. Pindu hulazimisha mwisho wa ubeti uwe mwanzo wa unaofuata. Kikwamba hurudia neno lile lile mwanzoni mwa kila mshororo. Kuna tungo za pwani ya kaskazini ambazo beti zake hufuata alfabeti ya Kiarabu, herufi baada ya herufi, na mtunzi hana njia ya kuzikwepa zile ngumu. Hakuna sheria iliyowataka washairi hao kujifunga hivyo. Walijiongezea minyororo juu ya minyororo ili kuonyesha kuwa wanaweza kutembea.

Mfano mzito zaidi ni Abdilatif Abdalla. Alifungwa gerezani mwaka 1969 kwa kijikaratasi chake cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yote yamezingatia arudhi kwa ukamilifu. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mgawanyo wa watiifu na waasi unamweka wapi mshairi huyu? Kwa umbo ni mhafidhina. Kwa siasa ni mwasi. Na uasi wake ulipita langoni kwa sababu umbo lake halikuwa na dosari ambayo hakimu wa ushairi angeweza kuishika. Si kichekesho, na makala haya hayadai kuwa Abdalla alikuwa akicheza. Yanadai kwamba mbinu ni moja: kumpa mwenye kanuni kila alichokidai, hadi asibakiwe na sababu ya kukataa.

Ulinganishi huu una mipaka miwili. Wa kwanza unahusu fumbo. Kinyume na Sheng humficha msemaji kwa mtu wa nje, na hadhira ya ndani huelewa. Programu ya kipuuzi hufanya kinyume cha kinyume: mashine, iliyo ya nje kabisa, huelewa kila alama, ilhali wenzake mtunzi, walio ndani ya taaluma, hawaelewi neno. Ni fumbo ambalo mfumbuliwa wake wa kwanza hana akili. Raha inatokana na pengo hilo, na Kiswahili hakina utanzu wa jadi unaolingana nalo.

Wa pili ni wa kiuchumi. Upuuzi wa aina hii huhitaji mashine isiyo na kazi na jioni isiyo na deni. Kituo cha iHub kilipofunguliwa katika Barabara ya Ngong mwezi Machi 2010, miaka mitatu baada ya M-Pesa na miwili baada ya Ushahidi, kijana aliyeketi pale alitarajiwa kutatua tatizo: la malipo, la kilimo, la uchaguzi. Programu isiyotatua chochote haikuwa na mfadhili. Lugha ya mdomo haikuhitaji umeme wala mfadhili, na huenda hii ndiyo sababu jiji lilicheza kwa ulimi zaidi kuliko kwa kibodi. Isitoshe, sheria za kompaila zimeandikwa kwa Kiingereza. Ramsey Nasser, mwanakompyuta wa Kilebanoni, aliunda mwaka 2012 lugha ya Qalb inayoandikwa kwa Kiarabu pekee, na kila chombo cha kawaida cha programu kikashindwa kuishika sawasawa. Kazi yake ilikuwa utiifu wa namna ile ile: aliyachukua kwa uzito madai ya kwamba kompyuta haijali lugha, nayo yakaanguka.

Kwa upande wa Kiswahili kuna Nuru, lugha ya programu iliyotoka Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2020. Nia yake ni ya dhati wala si ya mzaha. Amri zake ni maneno kama andika, fanya, kama, sivyo, wakati, rudisha, na vunja, ambalo ni kuvunja kulikopangiwa kanuni. Thamani ya ukweli ni kweli, na ya uongo ni sikweli. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angelitia neno hili wino mwekundu na kulitenganisha kuwa mawili. Nuru haiwezi kulitenganisha, kwa kuwa neno la amri halivumilii nafasi katikati yake. Hapa sarufi ya Kiswahili imejikunja ili kuitii sarufi ya mashine, na imejikunja kwa namna ambayo kijana wa mathree angeitambua mara moja. Kilichobaki ni yeye kuiona, na kuuliza kwa unyenyekevu wote: ikiwa sikweli ni neno moja, wingi wake ni nini?